Kurudisha uhai wa udongo kwenye kiwanja cha nyumba iliyobomolewa: mwongozo kamili

Kila mwaka, Julai ikifika, simu yangu inaita kwa jambo lilelile. Mtu kapata kiwanja kitupu hapa Cleveland, Ohio, Marekani, kamwaga mifuko kumi ya samadi, kapanda mchicha, nyanya chungu na maharage. Mvua imenyesha, jua lipo, na bado mchicha umekwama kwenye kimo cha kiganja na umeanza kutoa mbegu kabla haujatoa mboga ya sahani moja. Ananiuliza wapi atapata mbegu nzuri.

Mbegu hazina kosa. Udongo wa kiwanja kilichobomolewa nyumba haujachoka, umevunjwa. Uliochoka ukiulisha unapona. Uliovunjwa unataka kwanza ujue una sumu gani, kisha uufungue upumue, ndipo uulishe. Wengi wetu tunaanzia mwisho, kwa sababu tulikolimia zamani, Uvira, Kigoma au Gitega, samadi ilitosha.

Nimeandika kwa kufuata viwanja vya Cleveland, ndivyo ninavyovijua. Ukiwa Akron, Buffalo au Detroit hatua hazibadiliki: nyumba za mbao zenye rangi za zamani, moshi wa viwanda na magari, kisha tingatinga. Jipange kwa misimu miwili.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Beleshi, sululu, reki, toroli, na uma wa kulimia wenye meno manne yaliyonyooka
- Nondo nyembamba ya milimita 6 hadi 8, urefu wa mita 1
- Kopo la bati lenye upana wa sentimita 15, lililokatwa juu na chini likabaki kama bomba, pamoja na chombo cha kupimia maji
- Ndoo safi za plastiki, mifuko midogo ya plastiki inayofungika, na kalamu ya wino usiofutika
- Siki nyeupe, kikombe kimoja
- Maboksi ya katoni ya kawaida, yasiyong'aa, yaliyobanduliwa utepe wa plastiki
- Vipande vya matawi yaliyosagwa. Kampuni za kukata miti huvitoa bure mara nyingi, ukiomba wamwage kiwanjani kwako
- Mboji, mita za ujazo 0.8 (kama toroli 8 hadi 10) kwa kila mita 10 za mraba unazotaka kulima
- Mbegu za mtama wa malisho, kunde, figili ndefu nyeupe, oti na rai
- Glovu, barakoa aina ya N95, na viatu vya shambani ambavyo havitaingia ndani ya nyumba
- Maji ya uhakika. Bila mpira wa maji uliofika kiwanjani, usianze

Mbolea ya dukani haimo kwenye orodha, na si kwamba nimeisahau.

## Hatua ya 1: Jua pale palikuwa na nini

Fungua picha za mtaani za Google Maps, weka anwani ya kiwanja, kisha rudi nyuma kwenye picha za miaka iliyopita. Mara nyingi utaiona nyumba ikiwa bado imesimama. Chora kwenye karatasi: nyumba ilianzia wapi ikaishia wapi, gereji ilikuwa upande gani, njia ya gari ilipita wapi, barabara iko umbali gani.

Mchoro huu ndio utakaoongoza kazi yote. Kuta za nyumba ya zamani zilipakwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo Marekani iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Rangi hiyo ilibanduka miaka mingi ikaanguka chini ya ukuta. Upande wa barabara kuna risasi iliyotoka kwenye petroli, iliyoendelea kuuzwa kwa magari ya barabarani hadi mwisho wa 1995. Nyuma, kwenye gereji, watu walimwaga oili na kuvunja betri.

Kwa historia ya mbali zaidi, nenda maktaba kuu ya jiji ukaombe ramani za bima ya moto za Sanborn. Zinaonyesha jengo kwa jengo, na kama palikuwa na duka, karakana au kiwanda.

Onyo. Ukikuta palikuwa na kituo cha mafuta, dobi wa kufulia kwa kemikali, au karakana ya kupaka vyuma nikeli, kiache kiwanja hicho na utafute kingine. Sumu za pale ni za aina nyingine, nyingine hupanda juu kama mvuke, na mwongozo huu hauziwezi. Tafuta pia ruhusa ya maandishi kabla hujachomeka jembe: viwanja vingi ni vya jiji, na Summer Sprout, mpango wa jiji wa bustani za jamii, ndio mlango wa kuanzia. Siku chache kabla ya kuchimba piga namba 811. Ni bure, na watakuja kuweka alama mahali bomba la gesi na nyaya zilipopita.

## Hatua ya 2: Chukua sampuli, na zisiwe moja

Hapa ndipo watu wengi hukosea wakidhani wamefanya vizuri. Wanachota udongo mahali pamoja katikati ya kiwanja, maabara inajibu kwamba hali si mbaya, wanapanda. Kumbe risasi imejaa mita tatu kutoka pale, ukuta ulipokuwa.

Gawa mchoro wako sehemu nne: ukanda wa mita 2 kuzunguka kuta za zamani, ukanda wa barabarani, mahali pa gereji, na eneo lililobaki. Kila sehemu ina ndoo yake. Kwenye kila sehemu chimba vishimo 10 hadi 15 vya kina cha sentimita 15, chota kipande chembamba cha udongo ubavuni mwa kila kishimo, changanya vyote ndani ya ndoo, ondoa mawe na mizizi, kisha jaza mfuko mmoja. Andika jina la sehemu hapohapo. Ukisema utaandika nyumbani, utasahau upi ni upi.

Watoto wakicheza pale, chukua sampuli ya tano ya sentimita 2 hadi 3 za juu tu. Udongo huo wa juu ndio unaoingia kwenye kucha na mdomoni.

Anika kivulini kwenye karatasi, kisha tuma kwenye maabara ya udongo ya chuo kikuu. Maabara ya UMass Amherst, kwa mfano, hupokea sampuli kwa posta, na kipimo chake cha kawaida kinaonyesha pia risasi. Popote utakapotuma, uliza kwa maneno haya: je, mnapima risasi yote iliyomo? Zipo njia za maabara zinazopima tu ile sehemu inayoyeyuka kirahisi, na namba yake huwa ndogo kuliko hali halisi. Omba pia kipimo cha uchachu, yaani pH, na cha mata ogani, yaani mabaki ya mimea na viumbe yaliyooza udongoni.

Mwaka wangu wa kwanza nilipokuwa nachimba vishimo hivi, niliona kwenye kiganja cha glovu kitu kama ganda la yai, rangi ya maziwa upande mmoja na bluu upande wa pili. Nilikigeuza mara mbili tatu nisijue ni nini. Kilikuwa kipande cha rangi ya ukutani, kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Majibu ya maabara ya ukanda ule yalikuja yakiwa mara sita ya majibu ya katikati ya kiwanja.

## Hatua ya 3: Soma majibu na ukate shauri

Namba ya risasi huja kwa ppm, yaani miligramu kwa kila kilo moja ya udongo. Udongo usioguswa na viwanda huwa na kama 10 hadi 50. Januari 2024 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilishusha kiwango cha tahadhari kwa udongo wa majumbani kutoka 400 hadi 200. Karatasi na mabango mengi ya zamani bado yanataja 400. Usiyafuate.

Mgawanyo ninaoutumia mimi ni huu:

- Chini ya 100: lima unachotaka ardhini.
- 100 hadi 200: lima ardhini, lakini viazi, karoti na mizizi mingine iende kwenye matuta ya kuinua (fremu zilizojazwa udongo safi juu ya ardhi, hatua ya 9).
- 200 hadi 400: ardhini panda vinavyozaa juu tu, kama nyanya, pilipili, bamia na mahindi. Mboga za majani zote ziende kwenye matuta ya kuinua.
- Zaidi ya 400: usilime chakula ardhini. Funika ardhi (hatua ya 4), kisha ruka uende hatua ya 9. Ikikaribia 1,000 au kupita, waite idara ya afya kabla ya kufanya lolote.

Sababu ya kutenga majani na mizizi ni vumbi. Mmea wenyewe hunyonya risasi kidogo sana. Hatari kubwa ni udongo ulioganda kwenye jani la mchicha au ngozi ya kiazi, na ule unaoliwa na kupumuliwa moja kwa moja.

Na risasi haiozi. Mvua haiiondoi, jua haliikaushi. Kazi yetu yote kuanzia hapa ni kuifunga mahali ilipo na kuizuia isimfikie mtu.

## Hatua ya 4: Kaba vumbi kwanza

Kabla ya jembe, funika kila mahali ambapo udongo uko wazi na hutalima mwaka huu: njia, ukingo wa barabara, ukanda wa kuta. Tandaza katoni zikilaliana kwa sentimita 15, zilowanishe, kisha mwaga juu yake vipande vya matawi kwa unene wa sentimita 10 hadi 15. Miguu ikipita pale isikanyage udongo tena.

Nina mambo matatu ya kuwaambia watu wa kwetu, na ninaomba myapokee kwa uzito wake.

Kwetu uwanja wa nyumba hufagiliwa kila asubuhi hadi ardhi inang'aa, na huo ndio usafi. Hapa, kufagia udongo mtupu ni kuirusha risasi hewani mtoto aivute. Uwanja safi wa Cleveland ni uliofunikwa nyasi au matandazo.

La pili ni udongo wa kula. Dada na mama wajawazito wengi wamezoea pemba. Usichukue udongo wa mji huu ukala, hata kidogo, hata uwe na harufu nzuri ya mvua. Risasi hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto tumboni.

La tatu ni mchicha pori na mnavu vinavyoota vyenyewe kwenye viwanja vitupu na kando ya reli. Najua vinavyotamanisha. Usivichume hadi uwe na karatasi ya maabara ya mahali hapo.

Watoto wadogo wapimwe damu kliniki. Tangu 2021 mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, hutumia mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu kama namba ya kuanza kuchukua hatua, na hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Utajua umefaulu siku ya upepo mkavu: simama kiwanjani, na hakuna vumbi linaloinuka.

## Hatua ya 5: Pima ugumu wa ardhi

Nyumba inapobomolewa, mara nyingi shimo la chumba cha chini ya nyumba hujazwa vifusi na udongo wa kuletwa, mashine nzito hupita juu yake mara nyingi, kisha husambazwa sentimita chache za udongo mzuri na nyasi. Kwa macho ni bustani. Chini ya kiganja cha udongo ni sakafu. Mama mmoja wa Uvira aliniambia, beleshi likiwa limegonga na kurudi: "Huu udongo unakataa maji." Alikuwa amemaliza maneno.

Siku moja baada ya mvua nzuri, shika nondo uisukume ardhini kwa mikono miwili, bila kugonga. Fanya hivyo mahali 20 tofauti. Ikikwama kabla ya sentimita 15 sehemu nyingi, ardhi imegandamizwa, na mizizi itakwama palepale nondo ilipokwama.

Kisha pima unywaji wa maji. Zamisha kopo la bati kwa sentimita 7 ardhini, mimina mililita 450 za maji polepole, acha zinywewe. Mimina tena kiasi kilekile na sasa anza kuhesabu muda. Udongo wenye afya hunywa hayo maji ya pili ndani ya nusu saa, mara nyingi kwa dakika chache tu. Ikipita saa 1, hapo ndipo mchicha wako unapofia: mvua ikinyesha mizizi inazama, mvua ikikata wiki moja ardhi inakuwa tofali.

Andika dakika hizo kwenye daftari. Utazihitaji mwakani.

## Hatua ya 6: Fungua udongo, ukiwa na mboji mkononi

Kwanza jaribu mboji yenyewe. Jaza makopo matatu mboji uliyoletewa na kopo moja udongo wa mfuko unaouamini. Panda maharage manne kila kopo, subiri wiki tatu. Majani yakijikunja kama kikombe na ncha kusokotana kwenye mboji huku yako sawa kwenye udongo wa mfuko, irudishe. Inaweza kuwa na dawa za kuua magugu zilizopuliziwa malishoni, zikapita kwenye tumbo la ng'ombe, zikapita kwenye mboji, na bado zinaua nyanya na maharage. Niliwahi kupokea lori zima la namna hiyo kutoka kwa muuzaji mmoja. Nilipoteza msimu mzima kwa kutosubiri wiki tatu.

Kisha angalia unyevu. Chota udongo kina cha sentimita 15, ufinye kiganjani uwe donge, liguse kwa kidole gumba. Likipasuka na kumeguka, lima. Likibonyea kama unga wa chapati, acha, rudi baada ya siku tatu. Udongo wa mfinyanzi ukilimwa mbichi hugandamana kuliko ulivyokuwa.

Kazi yenyewe. Tandaza mboji unene wa sentimita 8 juu ya tuta zima. Anza ncha moja. Chimba kwa beleshi hadi sentimita 30 au 40, inua bonge la udongo na mboji yake, liachie lianguke palepale lipasuke. Usilisage. Unataka mabonge yenye mboji katikati yake, kama ukuta wa mawe wenye udongo ndani, ili mizizi na maji vipate njia za kushuka. Kama beleshi haliingii, pasua kwa sululu. Rudi nyuma hatua moja, endelea. Usikanyage ulikopita.

Kwa nini si mashine ya kulimia? Kwa sababu inasaga juu ikawa unga laini na chini yake inaacha sakafu mpya ngumu, kina kilekile visu vyake vinapofika. Wiki mbili utafurahi. Mvua kubwa ya kwanza itakuonyesha.

Toa matofali, vioo, misumari na vipande vikubwa vya zege. Mawe madogo yaache, hayadhuru.

Onyo. Ukifukua vipande bapa vya kijivu, vigumu kama saruji, vyenye nyuzi ukingoni, huenda ni asbesto. Usivivunje. Vimwagie maji, vifunike, simamisha kazi upige simu idara ya afya ya jiji. Wakati wote wa kuchimba lowanisha ardhi kidogo na vaa barakoa.

Kazi ni ngumu na sitadanganya: tuta la mita 10 za mraba linachukua watu wawili asubuhi nzima. Hutairudia tena ukilitunza tuta hilo lisikanyagwe.

## Hatua ya 7: Majivu yabaki jikoni

Hili ndilo kosa linaloniuma kuliko mengine, kwa sababu linatoka kwenye ujuzi wa kweli. Udongo wa milima ya Kivu na Burundi mwingi ni wenye uchachu. Mama zetu walimwaga majivu shambani na maharage yakaitika, kwa kuwa majivu yanapunguza uchachu. Hawakukosea.

Lakini kiwanja cha nyumba iliyobomolewa kimejaa lipu na saruji. Okota kipande cheupe cha lipu kutoka shimo ulilochimba, kidondoshee siki. Kitatoa povu na kuchemka kwa sauti ndogo. Povu hilo ni dalili ya chokaa, nacho kinafanya kazi ileile ya majivu, na kiko kila mahali chini ya miguu yako. Majibu ya maabara mara nyingi yatasema pH 7.5 au zaidi. Ukiongeza majivu, mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma: majani machanga yanageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Watu wakiona njano wanadhani ni njaa, wanaongeza majivu.

Lenga pH kati ya 6.5 na 7.2. Ikizidi hapo, ondoa vipande vya lipu unavyoviona na ongeza mboji kila mwaka. Usikimbilie kumwaga salfa nyingi ili ushushe haraka: pH ikishuka chini ya 6.5 risasi inaachia na kuanza kutembea. Na ikiwa maabara imekupa pH ya chini ya 6.5, hapo tu ndipo chokaa kinahitajika, kwa kipimo walichokuandikia.

Utasikia pia kwamba fosfeti, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea, hufunga risasi. Ni kweli, inaigeuza kuwa madini magumu ambayo tumbo halimeng'enyi kirahisi. Lakini mboji ina fosfeti ya kutosha. Fosfeti inayozidi huoshwa na mvua hadi Ziwa Erie na kulisha mwani wenye sumu, na Agosti 2014 mji wa Toledo ulikatazwa kunywa maji ya bomba kwa sababu ya mwani huo. Kama udongo una aseniki, sumu nyingine isiyooza, fosfeti nyingi huiachia. Mboji inatosha.

## Hatua ya 8: Acha mizizi ikamalize kazi

Beleshi limefungua njia, mizizi ndiyo itakayozishikilia zisifunge. Ukiacha tuta lililochimbwa likae tupu, litazama na kugandamana tena kabla ya theluji.

Katikati ya Juni, udongo ukiwa na joto, panda mtama wa malisho na kunde kwa pamoja, kama gramu 30 na 50 kwa kila mita 10 za mraba. Mtama ukifika kimo cha kifua, ukate ubakize sentimita 20. Kukatwa huko kunaufanya usukume mizizi chini zaidi. Kunde zinaleta naitrojeni, na majani yake usiyachume kwa mboga kama namba ya risasi imepita 200.

Katikati ya Agosti ukate wote, uulaze juu ya tuta, panda figili gramu 10 na oti gramu 80 kati yake. Usichelewe kuingia Septemba. Figili inahitaji wiki sita hadi nane kabla ya baridi kali ili izamishe mzizi wake, na baridi ikija mimea yote miwili inakufa yenyewe na kubaki kama blanketi.

Uliyechelewa usikate tamaa: rai hupandwa hadi mwanzoni mwa Oktoba, gramu 130. Rai haifi na baridi. Ikate mwishoni mwa Mei inapotoa maua na chavua, kisha subiri wiki mbili hadi tatu kabla ya kupanda mbegu ndogo kama mchicha.

Familia haiwezi kukaa msimu mzima bila mboga, najua. Gawa eneo nusu kwa nusu: nusu lipate mtama na kunde, nusu lipandwe nyanya na pilipili katika udongo uliofunguliwa, mwakani wabadilishane.

Machi, theluji ikishayeyuka, nenda ukaangalie figili zilipokuwa. Zimeoza, zimekuwa ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia, na chini yake kuna shimo la duara ambalo kidole cha shahada kinaingia chote. Mimina maji kwenye shimo moja. Yanazama moja kwa moja, na ukiinama utayasikia yakishuka. Pale ambapo miezi tisa kabla nondo ilikwama.

## Hatua ya 9: Matuta ya kuinua, kwa waliopata namba mbaya

Tandaza kitambaa cha kuzuia magugu kinachopitisha maji. Juu yake weka fremu ya sentimita 30 au zaidi. Fremu ya mita 1.2 kwa 2.4 yenye kina hicho inahitaji mita za ujazo 0.86 za mchanganyiko, theluthi moja mboji na theluthi mbili udongo mzuri. Mboji tupu huzama na kukauka haraka.

Mbao ziwe mpya. Mbao za reli zina kriosoti, dawa ya mbao yenye sumu. Mbao zilizotiwa dawa kabla ya 2004 zinaweza kuwa na aseniki. Mbao za nyumba iliyobomolewa zina rangi ileile tunayoikimbia. Matairi pia yaache.

Udongo wa kuletwa nao upimwe. Usimwamini muuzaji kwa neno tu, mwombe karatasi ya maabara, na akikosa tuma sampuli yako kabla lori halijamwaga.

Watu wakishajenga tuta hudhani wamemaliza. Vumbi la jirani, upepo na matone ya mvua yanayoruka hurudisha risasi juu ya tuta mwaka hadi mwaka. Kila masika kwangua sentimita 3 za juu uzipeleke kwenye njia, chini ya vipande vya matawi, uongeze mboji mpya. Na njia za katikati zisibaki wazi kamwe.

## Hatua ya 10: Mavuno ya kwanza

Baridi ya mwisho Cleveland kwa kawaida hupita katikati ya Mei. Nyanya, pilipili na nyanya chungu zihamishwe baada ya hapo, mchicha na maharage usubiri hadi mwisho wa mwezi. Tandika majani makavu au nyasi zisizopuliziwa dawa chini ya mimea, ili mvua isirushe udongo kwenye majani.

Tupa majani ya chini kabisa na yale ya nje. Osha mboga kwenye beseni kwa maji mengi, mwaga, rudia hadi maji yabaki meupe, kwa kawaida mara tatu. Viazi na mizizi mingine vimenywe. Viatu vivuliwe mlangoni, nguo za shambani zifuliwe peke yake, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

Vuli, chimba shimo la sentimita 30 kila upande na kina cha sentimita 30, weka udongo wake juu ya gunia uhesabu minyoo. Siku ya kwanza wengi hupata mmoja au hawapati kabisa. Ukifika 10, udongo umeanza kuishi. Rudia kopo la maji palepale ulipopimia na ulinganishe dakika.

Mwaka wa tatu tuma sampuli tena, mwezi uleule, maabara ileile, sehemu zilezile za mchoro. Namba ya risasi huenda ikashuka kidogo kwa sababu mboji imeichanganya, huenda isishuke. Angalia mata ogani na pH, ndizo zinazoonyesha kazi yako. Majibu yabandike kwenye daftari lilelile, na ukihama mji daftari libaki na atakayekipokea kiwanja.